“Mungu hatakupenda”: kauli inayomchanganya mtoto

“Ukisema uongo, Mungu hatakupenda.” Kauli hii hutoka mdomoni haraka, hasa jioni, ugali ukiwa jikoni na watoto wamevunja kikombe kingine. Mzazi anataka utulivu tu. Mtoto wa miaka sita, ambaye bado anayachukua maneno kama yalivyo, anaweza kwenda nayo kitandani: nikifa usiku huu kabla sijaomba msamaha, itakuwaje?

Wazazi Wakristo wajue kwanza kwamba kauli hiyo hailingani na mafundisho ya makanisa yao. Katika Waefeso sura ya 2, Paulo anafundisha kuwa wokovu ni zawadi inayopokelewa kwa imani, haununuliwi kwa matendo. Matendo mema yanakuja mstari wa 10, kama kazi aliyoandaliwa mtu ambaye tayari amepokelewa. Utaratibu huo mzazi akiugeuza, mtoto anabaki kufanya hesabu.

Suala hili liliwatenganisha Wakristo wa Ulaya tangu enzi za Martin Luther, miaka ya 1500. Lakini Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: Mungu humkubali mtu kwa neema, si kwa mastahili yake, na neema hiyo humwezesha kutenda mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Kwa hiyo hata nyumba ambayo baba ni Mlutheri na mama Mkatoliki, na zipo nyingi, haina sababu ya kuvutana kwa hili mbele ya watoto.

Na thawabu je? Biblia haizifichi. Katika 1 Wakorintho 3, Paulo anazungumzia wajenzi ambao kazi zao zitapimwa kwa moto. Ambaye kazi yake itaungua atakosa thawabu, lakini yeye mwenyewe ataokolewa. Thawabu na kupokelewa ni mambo mawili.

Wazazi tunapenda sana upande wa thawabu kwa sababu unaleta matokeo ya haraka. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Mark Lepper waliwachunguza watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walichora kidogo walipoachwa huru kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Utafiti huo haukuhusu dini, lakini wanaogawa nyota za karatasi shule ya Jumapili wangefaa kuufikiria.

Simulizi inayomsaidia mtoto kuelewa zaidi ni ya mwana mpotevu, Luka 15. Kijana anarudi na hotuba ameiandaa: ataomba awe kama kibarua wa baba yake. Baba hamwachi afike kwenye ombi hilo. Anaagiza joho, pete na viatu. Msomee mtoto na sehemu ya kaka mkubwa pia, ambayo mara nyingi tunairuka. Huyo hakuondoka nyumbani hata siku moja, ila alifanya kazi miaka yote akijihesabu mtumwa.

Kikombe kikivunjika, basi, mtoto asaidie kusafisha na aombe radhi. Akidanganya, aseme ukweli na adhabu iwepo kama mlivyokubaliana. Mwambie waziwazi kwamba hujapenda alichofanya, ila upendo wako, na wa Mungu, usiuweke kwenye adhabu hiyo.

Hofu ya kawaida hupungua mtoto akijibiwa kwa utulivu. Lakini akirudia sala ya toba mara nyingi kila usiku, akiuliza swali lilelile bila kuridhika na jibu, au akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, usiishie kwa mchungaji au padri pekee. Woga wa dhambi unaweza kuwa sura mojawapo ya ugonjwa wa mawazo ya kujirudia, ambao una matibabu. Anzia kwa daktari wa watoto, naye atawaelekeza kwa mtaalamu wa saikolojia.