Yule Aliye Kando ya Kitanda

Somo: 2 Wakorintho 1:3-7

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo lisilotajwa sana kanisani, ingawa limo katika nyumba nyingi za washiriki wetu. Mtu akiugua, sisi sote huuliza habari za mgonjwa. Twauliza kama amekula, kama amepata usingizi, na daktari amesema nini. Ni vema kuuliza hivyo. Lakini kando ya kitanda yuko mtu mwingine. Ni mume wake, au ni mke wake. Huyu haulizwi neno. Yeye ndiye anayefungua mlango, anayeleta viti na kupika chai ya wageni. Wageni wakiisha kwenda zao, yeye hubaki peke yake, na usiku ni mrefu.

Hebu tumfikiri mama ambaye bwana wake amepooza upande mmoja. Alfajiri humgeuza ili asipate vidonda mgongoni. Humwosha, humlisha uji kwa kijiko, kisha hukimbilia shambani kabla jua halijawa kali. Jioni huhesabu fedha: za dawa, za nauli ya kwenda hospitali, za karo ya watoto. Mwezi wa kwanza majirani walikuja kila siku. Sasa ni mwaka wa pili, nao hawaji tena. Akipiga magoti usiku, maneno hayaji. Au huja neno moja tu, "Kwa nini, Bwana?" Kisha huona haya kwa kuwa amemwuliza Mungu.

Na pengine mtu amekwisha kumwambia kwamba kama imani yake ingalikuwa na nguvu, mume wake angalikuwa amepona. Ndugu, neno hilo ni mzigo juu ya mzigo, nalo si Injili. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, wala haukuondolewa. Alipewa neema ya kumtosha. Timotheo alikuwa na magonjwa ya mara kwa mara. Trofimo aliachwa Mileto, hawezi. Je, hawa walikosa imani? Mungu wetu aweza kuponya, nasi twamwomba aponye. Lakini hakuna mahali aliposema kwamba kila kitanda chenye mgonjwa ni ushahidi wa dhambi au wa imani haba.

Sisi wa Kenya tunao ukumbusho wa jambo hili katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai mkewe alijifungua mtoto wa kike, kisha akashikwa na homa kali. Krapf mwenyewe alikuwa amelala na homa, hata hakuwa na nguvu za kumwuguza mwenzake. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, na baada ya siku chache mtoto naye akamfuata. Alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Lakini mjane yule hakuikimbia nchi. Aliendelea na kazi ya lugha, na mwaka 1846 alianzisha kituo cha Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Mke wake hakurudishiwa, lakini yeye mwenyewe hakuachwa.

Basi, faraja ni nini? Katika somo letu, neno la Kiyunani alilolitumia Paulo latokana na kumwita mtu aje kando yako. Katika mistari ile mitano alilitumia mara kumi. Faraja si kuambiwa, "Usilie." Faraja ni kwamba kando ya kitanda, pale ulipokaa wewe, Mungu amekuja kukaa. Naye huja kwa njia nyingi. Leo tutaje tatu.

Ya kwanza, husikiliza kilio chetu. Zaburi ya 13 yaanza kwa kuuliza Mungu atasahau hata lini. Zaburi ya 88 yaanza katika taabu na kumalizika gizani. Hizi nazo ni Neno la Mungu, zimewekwa humo ili tusione haya. Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Basi, wewe uliyechoka, mwambie Mungu kama ulivyo. Hata ukiwa na hasira, mwambie. Kumwuliza si kumwacha. Mtu aliyemwacha hamwulizi tena.

Ya pili, hutoa nguvu za leo. Wana wa Israeli walipewa mana ya siku moja moja, na iliyowekwa akiba mpaka asubuhi iliharibika, ila ile ya Sabato. Wewe nawe hukupewa leo nguvu za mwaka ujao. Umepewa za kumwosha mgonjwa asubuhi hii. Tena mkumbukeni Eliya chini ya mretemu, alipoomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Anayeuguza huhitaji chakula na usingizi. Kupumzika saa moja si kumtupa mwenzi wako. Wala kwenda kwa daktari si kumwacha Mungu, maana Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu.

Ya tatu, hutumia mikono ya ndugu. Musa alipochoka vitani, Haruni na Huri waliitegemeza mikono yake mpaka jua lilipokuchwa. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alichukuliwa na watu wanne. Mzigo wa wanne, mbona twamwachia mmoja? Enyi washiriki, msiende tu kuomba na kuondoka. Mmoja akae na mgonjwa Jumapili ili mwenzi wake apate kuja kanisani. Mwingine ateke maji au afue mablanketi. Wanaume wamsaidie baba anayemwuguza mkewe, wala wasimcheke akimwosha au akipika. Aliahidi mbele ya kanisa kwamba atamtunza katika afya na katika ugonjwa, na sasa anatimiza. Na wewe unayeuguza, ukiulizwa kama wahitaji msaada, usijibu kwamba yote ni salama. Sema ukweli. Ukimnyima ndugu yako nafasi ya kukusaidia, huenda umeifungia mlango faraja uliyoiomba.

Paulo asema kwamba Mungu hutufariji ili nasi tupate kuwafariji wengine. Kwa hiyo machozi yako hayapotei bure. Iko siku utakaa kando ya mtu mwingine usiku, nawe hutakuwa na hotuba ya kumpa. Utamshika mkono tu, naye atajua kwamba umepita njia hiyo.

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, waangalie wote wanaokesha leo kando ya waume zao na wake zao. Waponye wagonjwa kama upendavyo. Wape wauguzaji nguvu za siku hii, na usingizi wa usiku huu. Utusamehe sisi tuliowasahau, ututume milangoni kwao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.