Gitaa la umeme: kabla hujauza gunia la mahindi

Huku Naitiri, kaunti ya Bungoma, pesa huonekana baada ya mavuno. Mahindi yakishauzwa ndipo mzazi hulipa karo, huweka kando ya mbolea, na kijana aliyekuwa akiota gitaa la umeme hupata nafasi ya kuomba fungu lake. Kwetu Pwani ni vivyo hivyo, ila badala ya mahindi huwa ni nazi, samaki au mshahara wa msimu wa watalii. Pesa ya namna hiyo haiji mara mbili. Ikinunua chombo kibovu, kijana hulaumu vidole vyake, mzazi humlaumu kijana, na gitaa huishia kuning'inia ukutani. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na katika magitaa msemo huu una ushahidi mwingi.

Muziki wa nyuzi si mgeni huku wala huko kwetu. Wabukusu wana litungu, sisi tuna udi. Magharibi ya Kenya ndiko alikotoka George Mukabi, aliyevuma kwa gitaa kavu kabla hajafariki mwaka 1963: kidole gumba kikipiga besi, kidole cha pili kikiimba juu yake. Na Pwani ilimtoa Fundi Konde, Mgiriama wa Kilifi aliyezaliwa mwaka 1924, anayetajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Kwa hivyo kijana anayelitamani gitaa hili haigi mambo ya wageni. Anaendeleza kazi ya wazee wake.

Kwanza tufahamu linavyofanya kazi, maana ukilijua hilo muuzaji hatakuchezea. Gitaa kavu lina tumbo lenye uwazi linalokuza sauti. La umeme kwa kawaida ni ubao mzito usio na uwazi. Chini ya nyuzi kuna pikapu, si ile ya kubebea magunia, bali sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye waya, ukasafiri hadi kwenye amplifaya na kugeuzwa sauti kubwa. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai hapa: sumaku haizitambui.

Kuna wanaosema lazima uanze na gitaa kavu. Si lazima. Nyuzi za gitaa la umeme huwa nyembamba na laini zaidi, na vidole vya mwanafunzi huumia kidogo. Isitoshe, hata bila umeme linasikika kwa sauti ndogo. Stima ikipotea, na huku hupotea, zoezi linaendelea.

Sasa dukani. Majina yanayoaminika kwa wanaoanza ni kama Yamaha Pacifica, Squier, Epiphone na Ibanez za bei ya chini. La mitumba lililotunzwa mara nyingi hushinda jipya lisilo na jina. Lakini jina pekee halitoshi, likague mwenyewe. Anza na shingo: litazame gitaa kutoka kichwani kama fundi anavyotazama ubao. Shingo ikiwa imejipinda kama kamba, liache. Kisha bonyeza kila uzi kwenye kila freti, vile vipande vya chuma vilivyopachikwa shingoni, moja baada ya nyingine. Sauti ikikwaruza au ikifa mahali, uliza sababu. Tazama nyuzi zimeinuka kiasi gani kwenye freti ya 12. Takriban milimita 2 zatosha. Zikiwa juu sana, kubonyeza kutakuwa adhabu. Mwisho lichomeke, zungusha vifundo vyote na utikise waya pale unapoingia. Mikwaruzo midogo husafishika, lakini sauti inayokatika ni kazi ya fundi, na bei ishuke kwa sababu hiyo.

Jaribio jingine ni la simu. Weka programu ya kupima sauti, uweke nyuzi sawa kuanzia nene hadi nyembamba: E, A, D, G, B, E. Kisha bonyeza kila uzi kwenye freti ya 12. Simu iseme herufi ile ile, isipokuwa sasa ni sauti ya juu yake. Ikiyumba kidogo, daraja linarekebishika. Ikiyumba sana kwenye nyuzi zote, nenda duka lingine. Anayeagiza kwa basi kutoka Nairobi au Eldoret na amtume mtu anayejua kupiga, asitegemee picha.

Amplifaya nayo isikutie tamaa. Ya kujifunzia nyumbani, wati 10 hadi 15 ni nyingi tayari. Tafuta yenye tundu la hedifoni, majirani watakushukuru, na ikiwezekana inayokubali betri. Pesa zikiwa chache, nunua gitaa zuri kwanza; amplifaya ifuate msimu ujao. Kuchomeka gitaa kwenye redio ya nyumbani hutoa sauti iliyofifia, na ukiongeza nguvu unaweza kupasua spika. Vile vidude vya kukanyaga kwa mguu vya kubadilisha sauti visubiri. Unachohitaji sasa ni waya mzuri wa mita 3, mkanda wa begani, vichokoo kadhaa vya plastiki na seti moja ya nyuzi za akiba. Kwa nyuzi, omba seti inayoanzia 9. Ni nyembamba na hupindika kwa urahisi.

Hapa naomba tusikilizane vizuri, hasa wazazi. Nyuzi za gitaa la umeme huunganishwa, kupitia waya, na ardhi ya amplifaya. Nyumba au ukumbi usio na waya wa ardhi, au plagi iliyokatwa mguu wa tatu, humweka mpigaji hatarini. Akishika nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni iliyounganishwa na umeme mwingine wenye hitilafu, mwili wake ndio unakuwa njia ya umeme. Volti 240 hazina huruma. Mwaka 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea kwa kugusa maikrofoni isiyo na ardhi. Kwenye harusi zetu za jenereta, waya zikiwa zimelala kwenye nyasi mbichi, hatari ni ile ile. Mwite fundi wa umeme apime ardhi, usipige ukiwa pekupeku sakafuni penye maji, na ukihisi kuwashwa hata kidogo midomoni, zima kila kitu kwanza.

Kuhusu kujifunza, dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Wiki za mwanzo ncha za vidole zitauma. Baadaye ngozi hukomaa. Anza na kodi tatu, A, D na E. Hizi ni nyepesi kushika, na nyimbo nyingi za hapa kwetu hutembea juu ya kodi tatu za ujamaa huo. Washa mdundo wa simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, ubadilishe kodi kila mapigo manne bila kusimama. Usiongeze kasi hadi mkono ubadilike bila kutazamwa. Anayejua litungu ana faida ya mkono wa kudonoa, lakini mkono wa kushoto atauanza upya, kwa kuwa litungu halina shingo ya kubonyezwa. Anayetoka kwenye udi amezoea shingo, ila isiyo na freti. Naye atashukuru kuona mahali pa kidole pamewekewa alama.

Wengi hukimbilia solo kwa sababu ndiyo inayoshangiliwa. Lakini bendi yoyote ya benga, rumba au taarabu husimama juu ya rizimu. Mpiga rizimu asiyeyumba hakosi mwaliko, na humo ndimo sikio linamofunzwa. Kwa hivyo tafuta mzee mmoja anayepiga, huko mtaani kwako au huku Naitiri, umwombe saa moja kwa wiki. Video za simu zitakuonyesha pa kuweka kidole, lakini hazitakwambia kwamba bega lako limekaza wala kwamba unakimbia mdundo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee huyo ndiye atakayeona kama umeinama sawasawa.