Rimu za Mjomba na Vumbi Jekundu la Voi

Ukiwa mwenyeji wa Voi, vumbi jekundu huhitaji kuelezwa. Ndilo lililowapaka rangi ndovu wa Tsavo hata wageni wakawaita ndovu wekundu. Wekundu huo unatokana na chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo. Gari likichepuka tu kutoka lami hurudi limevaa rangi hiyo hiyo, na magurudumu ndiyo yanayozidi.

Mwaka jana mjomba wangu alinunua gari lenye rimu za alumini zilizopakwa kauri. Usidhani ni kauri ya vikombe vya chai! Hii ni dawa ya majimaji yenye silika, madini yale yale ya mchanga na kioo. Fundi huipaka kwenye rimu iliyo safi kabisa, nayo hukauka ikawa tabaka gumu, jembamba kuliko unywele. Maji yakiigusa hufanya matone na kuteleza, uchafu nao hukosa pa kushika. Lakini jiwe la barabarani huikwaruza vilevile.

Basi siku moja mjomba akafika kutoka Wundanyi, nami nikajitia kimbelembele cha kumwoshea gari. Wundanyi imepita mita 1,300 juu ya bahari, na Voi haifiki 600. Mteremko wote huo na kona zake hadi Mwatate ni breki tu, bwana! Sikungoja. Nikamwaga maji baridi, chwaaa! Mvuke ukapanda. Kisha nikachota mchanga na katani, nikasugua kama ninavyosugua sufuria ya sima. Nilipomaliza, rimu zilikuwa zimefifia kama macho ya mgonjwa, na maji hayakufanya matone tena. Mjomba hakunigombeza. Alizitazama, akanitazama mimi, akaingia ndani. Afadhali angenichapa.

Fundi mmoja wa hapa mjini ndiye aliyenieleza kosa langu, huku akicheka. Diski ya breki ikiwa moto na ikamwagiwa maji baridi yaweza kupinda, na baadaye usukani ukatetemeka kila ukifunga breki. Tena kwenye rimu moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza, ikaacha madoa. Kwa hiyo ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila kushtuka.

Kisha mwaga maji mengi kwanza ili mchanga ushuke wenyewe, maana ukipitisha kitambaa juu ya mchanga ni kama kupiga msasa. Tumia sabuni ya maji isiyo kali na sponji laini. Asidi, nyuzi za chuma na katani (hata kama Mwatate imejaa mkonge) ziache mbali. Uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, na sponji ya rimu usiipeleke kwenye bodi. Ule unga mweusi unaouona ni wa breki. Una chembe za chuma, na ukikaa wiki nyingi hung'ang'ania na kushika kutu, hivyo osha mara kwa mara. Mwisho, futa kwa kitambaa kikavu, hasa kama umetumia maji ya kisima. Chumvi yake huacha alama nyeupe.

Sasa sikiliza hili. Mwezi uliofuata mjomba aliniruhusu tena, shingo upande. Nilikuwa naosha polepole, nati moja moja, nikaona michirizi ya kutu ikitoka kwenye nati mbili za gurudumu la nyuma. Kwenye vumbi letu jekundu nisingeiona kamwe. Nikamwita mjomba, naye akaleta spana. Nati zote mbili zilizunguka kwa mkono mmoja! Michirizi ya namna hiyo huweza kuwa dalili ya nati iliyolegea, kwa kuwa chuma kinasagana na unga wake unashika kutu. Na kesho yake alfajiri alikuwa awapeleke shangazi na watoto watatu Taveta.

Fundi alizikagua, akazikaza kwa kuvusha: moja, kisha ile iliyo mkabala wake, ili rimu ikae sawasawa. Akaagiza zikazwe upya baada ya kilomita 100 hivi.

Siku hizi kuosha rimu ni kazi yangu kila Jumamosi. Zile zilizofifia bado zimefifia, maana kupaka kauri upya ni pesa, na mjomba anasema karo yangu itangulie.