Zawadi za kashata: Sukari ikipanda, faida ya sikukuu huenda wapi?

SIKUKUU ya Idd au Krismasi inapokaribia, harufu ya karanga zinazokaangwa na iliki iliyotwangwa si jambo geni uani mwa nyumba za Kingolwira, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Ni wakati wa kutengeneza kashata, visheti na ubuyu wa sukari kwa ajili ya watoto, majirani na ndugu walio mbali.

Desturi hiyo ni ya siku nyingi. Sahani iliyofunikwa hutoka nyumba moja kwenda nyingine, Mwislamu akimpelekea jirani yake Mkristo siku ya Idd na mwenzake akirudisha fadhila siku ya Krismasi. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, na mara nyingi kinachowekwa humo ni kitu kitamu.

Katika miaka ya karibuni desturi hii imekuwa pia biashara. Mfanyakazi wa mjini asiye na muda wa kukaa jikoni yuko tayari kununua pakiti iliyofungwa vizuri akampelekee mama mkwe au mwalimu wa mtoto wake. Kwa mama mwenye jiko, sinia na mwiko, mtaji wa kuanzia ni mdogo. Lakini wengi wanaoingia katika shughuli hii humaliza sikukuu wakiwa wamechoka, mkononi wana fedha kidogo, na hawajui faida imepotelea wapi.

Jibu liko kwenye mambo matatu: namna ya kuuza, wakati wa kununua malighafi na gharama ambazo haziandikwi.

Hesabu ya kilo moja

Tuchukue mfano wa mama wa Kingolwira anayepika kashata kwa kilo moja ya karanga na kilo moja ya sukari. Baada ya kutoa maganda na kinachobaki kwenye sufuria, atapata takriban kilo 1.8 za kashata. Bei zinazofuata ni za mfano tu, na kila msomaji anaweza kuweka za soko lake.

Karanga ni Sh4,000, sukari Sh3,000, iliki na chumvi Sh500 na nauli ya kwenda sokoni na kurudi Sh600. Hapo jumla ni Sh8,100, na wengi huishia hapo. Kashata hizo akizikata vipande vya gramu 20 atapata vipande 90. Akiuza kila kimoja Sh100 kwenye kijiwe cha kahawa atakusanya Sh9,000, na atajiona amepata faida ya Sh900.

Hata hivyo, mkaa haujahesabiwa. Ukiwekwa mkaa wa Sh1,000, ile faida inageuka kuwa hasara ya Sh100. Ikiwekwa na kazi yake ya saa tatu, kwa kiwango cha Sh1,000 kwa saa, hasara inafika Sh3,100. Kwa maneno mengine, mama huyu amefanya kazi bure na kuongeza shilingi mia moja ya kwake.

Sasa achukue kashata zile zile azifunge kama zawadi, katika pakiti sita za gramu 300 kila moja. Kifungashio na lebo vitaongeza Sh300 kwa kila pakiti, sawa na Sh1,800. Gharama zote, mkaa na kazi vikiwemo, zitakuwa Sh13,900. Akiuza pakiti kwa Sh3,000 atapata Sh18,000, na faida halisi ni Sh4,100 baada ya kujilipa mshahara wake.

Tofauti hiyo inatokana na mnunuzi, kwa kuwa kashata ni ile ile. Anayenunua kipande kwenye kijiwe anatafuta kitu cha kushushia kahawa. Anayenunua pakiti ya sikukuu ananunua heshima ya kumpelekea mtu mwingine, na kwa hiyo anaangalia usafi, mpangilio na mwonekano kabla ya bei.

Pakiti inahimili bei, kipande hakihimili

Faida nyingine ya pakiti huonekana sukari inapopanda. Mfano wa karibu ni mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Nino zilipokwamisha uvunaji wa miwa na kazi ya viwanda. Sukari iliadimika na bei ikapanda kwa kasi, hata Serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi Januari mwaka huo. Idd el Fitri iliangukia Aprili 10, na waliokuwa wakitegemea kununua sukari wiki ya mwisho walijikuta pabaya.

Tukirudi kwenye mfano wetu, sukari ikipanda kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500, ongezeko kwa kila kipande cha kashata ni kama Sh17. Hakuna sarafu ya Sh17. Muuzaji wa vipande atabaki na Sh100 ile ile na kumeza hasara, au atapunguza ukubwa wa kipande na kugombana na wateja, au ataruka hadi Sh200 na kupoteza wengi wao.

Kwa muuzaji wa pakiti ongezeko ni Sh250. Anaweza kuuza pakiti kwa Sh3,300 au Sh3,500 bila mteja kushtuka. Hata akiacha bei ilivyo, faida yake itashuka kutoka Sh4,100 hadi Sh2,600, lakini hataingia kwenye hasara.

Kununua mapema

Wakazi wa Morogoro wanaishi mkoa wenye viwanda vikubwa vya sukari, vikiwemo Kilombero, Mtibwa na Mkulazi kilichopo Mbigiri wilayani Kilosa. Lakini kuishi karibu na kiwanda hakumkingi mtu na upungufu. Viwanda husimamisha kazi kipindi cha masika, mashamba yanapokuwa na matope na miwa haivuniki, na mitambo hufanyiwa matengenezo.

Jambo hili linahitaji kuangaliwa pamoja na kalenda. Krismasi haihami Desemba 25, lakini Idd hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Katika miaka hii Idd el Fitri imekuwa ikiangukia mwezi Machi au Aprili, wakati msimu wa viwanda unafikia mwisho au umekwisha, na mahitaji ya sukari yako juu kwa sababu ya Ramadhani. Anayesubiri mwezi uandame ndipo anunue sukari, ananunua pamoja na kila mtu.

Sukari haiozi ikihifadhiwa pakavu. Kinamama watano wa kikundi kimoja wanaweza kuchanga na kununua mfuko wa kilo 50 kwa bei ya jumla miezi miwili au mitatu kabla, kisha wakagawana kwa mzani. Wenye vikoba wakumbuke kwamba fedha zinazogawanywa katikati ya Desemba huwa zimechelewa kwa biashara ya Krismasi. Mkopo mdogo wa kikundi uliochukuliwa Oktoba unaweza kufanya kazi kubwa zaidi.

Karanga nazo hushuka bei wakati wa mavuno ya katikati ya mwaka. Lakini kuzihifadhi kunahitaji uangalifu kuliko sukari, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Karanga zihifadhiwe zikiwa kavu, ikiwezekana ndani ya maganda yake, juu ya chaga na mbali na ukuta. Kabla ya kupika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitolewe. Kukaanga hakuondoi sumu yote. Pia zilizotolewa wasipewe kuku wala ng'ombe.

Kupika kwa ajili ya kusafiri

Kashata ya zawadi hukaa siku kadhaa kabla ya kuliwa, hivyo aina ya kupika ni suala la biashara pia. Kashata za nazi huharibika haraka kwa kuwa zina unyevu, na zinafaa kwa mteja wa karibu atakayezila katika siku chache. Za karanga na ufuta zikipikwa zikakauka hudumu kwa wiki kadhaa, na ndizo zinazofaa kutumwa Dar es Salaam au Dodoma.

Siri iko kwenye shira. Sukari na maji kidogo hupikwa kwa moto wa wastani hadi shira ianze kuwa na rangi ya dhahabu. Tone likidondoshwa kwenye maji baridi na kuwa gumu linalovunjika, shira iko tayari. Likiwa laini, kashata itanata kwenye kifungashio. Karanga zilizokaangwa na iliki huingizwa hapo, mchanganyiko humwagwa kwenye sinia lililopakwa mafuta, husukumwa ukawa bapa na kukatwa ungali moto. Shira huunguza vibaya kuliko maji ya moto, kwa hiyo watoto wakae mbali na jiko.

Kashata zipoe kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo mvuke utazilainisha. Wakati wa mvua zifungwe siku hiyo hiyo, kwani hunyonya unyevu wa hewa.

Morogoro ina jambo jingine la kujivunia. Miteremko ya Milima ya Uluguru, katika maeneo kama Kinole, Mkuyuni na Matombo, hutoa mdalasini, karafuu, pilipili manga na viungo vingine. Mdalasini kidogo wa Uluguru kwenye kashata, ukiandikwa kwenye lebo, humpa mteja sababu ya kuchagua pakiti hiyo, na humpa mkulima wa mlimani soko la karibu.

Kuhusu kufunga, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Anayetaka zawadi kubwa anaweza kuwekewa pakiti zake kwenye kikapu kidogo cha ukindu, kwa bei inayojumuisha gharama ya kikapu. Lebo ionyeshe jina la mtengenezaji, simu, uzito, viambato na tarehe ya kutengenezwa. Karanga zitajwe wazi, kwani wako watu zinaowadhuru.

Anayetaka kuingiza bidhaa yake madukani atahitaji kwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Hatua hizo zinachukua muda, hivyo zianze mapema kabla ya msimu.

Oda kwanza, jiko baadaye

Hatari kubwa ya biashara ya sikukuu ni siku inayofuata. Katika mfano wetu, mama akibakiwa na pakiti mbili kati ya sita, atakuwa amekusanya Sh12,000 dhidi ya gharama ya Sh13,900. Faida yote imekaa kwenye hizo pakiti mbili. Ndiyo maana inashauriwa kuchukua oda wiki mbili kabla, mteja akitanguliza nusu ya bei. Fedha hiyo hununua karanga, na oda huonyesha kiasi cha kupika.

Mwisho ni suala linaloonewa aibu. Shangazi atapelekewa pakiti, jirani atapelekewa, na watoto wataonja. Hakuna ubaya, kwani sikukuu ni kupeana. Lakini pakiti hizo ziandikwe kama matumizi ya nyumbani, na mama alipie kutoka mfuko wa nyumbani kwenda mfuko wa biashara. Asipofanya hivyo, pakiti mbili za upendo zitaondoa faida ya sufuria nzima, naye ataamini kwamba kashata hazilipi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule la kurasa chache, likianza kuandikwa siku ya kununua kilo ya kwanza ya sukari, linatosha kumwonyesha mama wa Kingolwira kama sikukuu ijayo atafanya biashara au atagawa zawadi tu.