Mwamba ngoma huvutia kwake: albamu bora kuliko zote ni ipi?

(Maelezo haya yalisomwa redioni wiki iliyopita. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)



Siku chache zilizopita nilipanda basi asubuhi pale Mbeya nikielekea Iringa. Tulipofika Uyole kondakta alifungulia muziki, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kijana mmoja, kwa sura mwanafunzi wa chuo, alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika basi zima kwamba albamu bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa nchini ni Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay, iliyotoka mwaka 2001. Mwenzake akaruka. Akasema bila Mr II, yaani Sugu, hata huyo Jay asingepata pa kukanyaga, na kwamba mtu wa Mbeya anayemsahau Sugu anastahili kushushwa njiani. Mama mmoja aliyekuwa na gunia la viazi chini ya miguu akauliza mbona hawamtaji Rayvanny, naye ni mtoto wa Mbeya. Tulipopita Chimala walikuwa wameshaingia Michael Jackson na Bob Marley, na dereva mwenyewe akawa anageuza shingo kuchangia, jambo lililotutia hofu abiria wengine.

Ndipo mzee mmoja aliyevaa koti zito la baridi, ambaye tangu Mbeya alikuwa kimya, akauliza swali moja tu: "Wajukuu zangu, hiyo albamu ndiyo kitu gani?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile ndilo lenye mzigo wote. Naomba leo tulipakue taratibu.

Neno albamu lilianza kutumika katika muziki wakati wa zile santuri nzito za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi, basi. Mtu aliyetaka kuuza muziki mrefu alilazimika kutumia santuri kadhaa, na hizo zilitiwa katika jalada lenye mifuko, mithili ya albamu ya picha za harusi. Jina likabaki hapo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri kubwa inayozunguka polepole, ambayo upande mmoja ulibeba dakika zipatazo ishirini. Sasa mwanamuziki alipata nafasi ya kupanga nyimbo nane au kumi kama mtu anayepanga sura za kitabu: hii ifungue, hii ipoze, hii ifunge. Kutokana na nafasi hiyo ndipo Ulaya na Marekani walipopata desturi ya kuihukumu albamu kama kazi moja kamili.

Sasa turudi kwetu. Bendi zetu za dansi hazikufanya kazi namna hiyo, na sababu si uvivu wala ujinga.

Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, na mpango wa kujenga kimoja haukufika mwisho. Bendi iliyotaka kurekodi ilikwenda studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Humo wanamuziki wote walipiga kwa pamoja, kuanzia magitaa na tarumbeta hadi waimbaji. Mmoja akikosea, wote walirudia. Wimbo ulihifadhiwa katika kanda kubwa ya studio na kurushwa hewani. Nyimbo zilizobahatika zilisafiri hadi Nairobi, zikatiwa katika santuri ndogo, wimbo mmoja kwa santuri moja. Kwa kuwa nyimbo zetu ni ndefu, wimbo ulikatwa vipande viwili: mashairi upande wa kwanza, na ile sehemu ya kuchezea, wanayoiita chemko, upande wa pili. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, hata njia hiyo ikawa nyembamba, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Jambo la pili ni tumbo. Bendi nyingi zilikuwa mali ya umma. NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa Juwata na kisha OTTU, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Jeshi, Polisi na Magereza walikuwa na za kwao. Mwanamuziki alipata mshahara, na bendi ilipata fedha mlangoni pa ukumbi. Wimbo wa redioni ulikuwa tangazo la kuwaita watu waje kucheza Jumamosi. Katika hali hiyo, nani angehangaika kupanga nyimbo kumi katika jalada moja? Wimbo mpya ulitungwa, ukapigwa ukumbini, watu wakiupenda ukapelekwa studio, na ulipochuja ukatungwa mwingine.

Watu wa Iringa hawahitaji kwenda Dar es Salaam kutafuta mfano. Kiwanda cha kuchonga almasi cha Tancut kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra, ambayo katika miaka ya 1980 ilifanya mji huu wa baridi ujulikane nchi nzima. Ndugu wawili mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliimba humo kwa sauti zinazofanana hata ukashindwa kujua nani anamwitikia nani. Nyimbo kama Masafa Marefu na Butinini zilipigwa redioni mpaka watoto wakazijua. Lakini ukiniuliza albamu ya Tancut yenye nguvu kuliko zote, nitakosa jibu, kwa kuwa nyimbo zile zilitufikia mojamoja kwa njia ya hewa.

Mtu atasema: Mbaraka Mwinshehe je? Si ana santuri kubwa nzuri? Anazo. Lakini tutazame vizuri. Mbaraka, aliyevuma na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Ni baada ya hapo kampuni ya Polygram ya Nairobi ilipozikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho. Nyimbo ni zake, ila mpangilio si wake. Aliyeamua wimbo upi ufungue na upi ufunge ni mtu wa ofisini. Je, hiyo tuiite albamu ya Mbaraka au albamu ya kumkumbuka Mbaraka? Nadhani ni ya pili, na haipungukiwi heshima kwa hilo.

Remmy Ongala ni habari nyingine. Yeye na Super Matimila walikwenda Uingereza wakarekodi katika studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, ikifuatiwa na Mambo mwaka 1992. Hizo ni albamu kamili kwa kipimo chochote cha Wazungu. Lakini nenda Mwanjelwa au Miyomboni ukamuulize mtu mzima aliyemsikia Remmy mara ya kwanza wapi. Wengi watakujibu: redioni, au ukumbini.

Albamu kama tunavyoizungumza leo ilishika mizizi kwetu katika miaka ya 1990, na iliingia kwa mlango wa kanda. Mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa au kufa, bendi zake zikayumba, redio na studio za watu binafsi zikaanza. Kijana asiye na gitaa wala ukumbi aliweza kurekodi nyimbo zake, akazipeleka kwa msambazaji, kanda ikauzwa hadi Tunduma. Hapo ndipo Sugu anapopata haki yake. Kanda zake, Ni Mimi ya mwaka 1995 na Ndani ya Bongo ya mwaka uliofuata, zilikuwa na jina, jalada na mpangilio. Kijana yule wa basini hakukosea kusema kwamba wengine walipita njia iliyokwisha kufyekwa. Watu wa Mbeya Mjini walimpa Sugu na ubunge, kuanzia 2010 hadi 2020, japo hilo ni la sanduku la kura na halithibitishi ubora wa kanda.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukitumia kipimo cha albamu peke yake, Mr II na Profesa Jay wataingia katika orodha, na Tancut, NUTA na Mlimani Park watabaki nje au watabanwa mlangoni. Si kwamba walipiga vibaya. Kipimo ndicho kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Na hata huko kipimo kilikotengenezwa, hakitulii. Gazeti la Rolling Stone la Marekani mwaka 2003 liliorodhesha albamu 500 bora, na ya kwanza ilikuwa Sgt. Pepper's ya Beatles, ya mwaka 1967. Mwaka 2020 gazeti hilohilo liliwauliza wapiga kura wengine, wengi wao wapya, na ya kwanza ikawa What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971. Santuri zenyewe hazikubadilika hata mkwaruzo mmoja. Waliobadilika ni waliokaa mezani. Mwaka 1999 gazeti la Time lilikuwa limekwisha kuichagua Exodus ya Bob Marley kuwa albamu ya karne. Na Thriller ya Michael Jackson, iliyouzwa kuliko zote duniani, ina nyimbo tisa, saba kati ya hizo zikatolewa pia mojamoja. Hata mfalme wa albamu aliishi kwa wimbo mmojammoja, kama sisi.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hakuna ubaya. Ubishi wa muziki ni ubishi mtamu, haumwagi damu, na hufupisha safari. Lakini tulipokaribia Makambako, yule mzee wa koti, ambaye ndipo alipokuwa akishukia, alisimama akashika kiti na kuuliza swali la pili. "Mmesema albamu bora. Haya, nitajieni waliopiga. Nani alipiga solo? Nani alipuliza saksafoni?"

Basi zima kimya. Mzee akachukua mfuko wake, akatuaga kwa upole, akashuka.

Swali lile lilinichoma kwa sababu zangu mwenyewe. Baba yangu mdogo alikuwa na kanda moja aliyorekodi kutoka redioni. Alikaa na kidole juu ya kitufe, akisubiri mtangazaji anyamaze. Ilikuwa kanda ya dakika 60, upande wa kwanza dansi la Iringa na Dar es Salaam, upande wa pili nyimbo za polepole. Aliipanga kwa wiki nyingi, akifuta na kurudia. Nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu niliichukua bila ruhusa, nikarekodi juu yake nyimbo za Kimarekani nilizoziona ndiyo maendeleo. Hakunipiga. Aliitazama kanda, akairudisha kwenye kasha. Alipofariki, wanawe waliniomba kanda ya baba yao. Niliwapa kasha, na ndani yake ile karatasi aliyoiandika kwa mkono: majina ya nyimbo, na pembeni mwa kila wimbo jina la mwimbaji na la mpiga solo. Karatasi ipo mpaka leo. Sauti haipo.

Basi ukinibana kabisa niseme albamu bora kuliko zote, jibu langu ni kanda ile, na nyingine za namna yake zilizojaa katika nyumba za Soweto pale Mbeya na Kihesa hapa Iringa. Albamu za dansi letu hazikupangwa na makampuni. Zilipangwa na wasikilizaji, upande wa kwanza na upande wa pili, kwa subira.

Lakini kanda huoza. Utepe hushikana na hupata ukungu, na hata kanda kubwa za studio haziponi. Karatasi nazo huliwa na mchwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliyonayo tangu mwaka 1999 inatambua haki ya mpigaji na si ya mtunzi tu, lakini mpigaji asiyejulikana jina ataidai vipi haki yake, au mjane wake ataidai vipi?

Ombi langu ni dogo. Jioni ya leo, kabla ya kuanza kubishana, tafuta mzee mmoja aliyecheza au aliyepiga dansi, mwekee wimbo kwenye simu yako, kisha umuulize swali la Makambako. Andika jina atakalokutajia, uandike na tarehe. Ubishi utakuwepo kesho. Mzee, Mungu ndiye ajuaye.