Uyoga wa Magogo: Ugeuze Uone Chini

Mvua zikianza Navakholo, magogo ya mikaratusi na miembe iliyokufa huota uyoga. Anayetaka kuutambua asiishie kwenye rangi ya juu, augeuze.

Mdogo wenye umbo la pepeo, vinyweleo vya kijivu juu na mikunjo iliyopasuka kwa urefu chini, kwa kawaida ni Schizophyllum commune, jina lililotolewa na Elias Fries mwaka 1815. Jua likiwaka hujikunja. Ukilowa hufunguka tena.

Mgumu wa rangi ya chungwa, wenye vitundu vidogo chini, aghalabu ni Pycnoporus sanguineus.

Wote hula mbao zilizokufa na kurudisha rutuba udongoni. Ila kutambua kwa macho hakutoshi jikoni: usiojulikana vizuri usipikwe.