Laptopu Kuukuu Usiitupe: Weka Linux Kando ya Windows

Tangu Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Laptopu yangu haikubali Windows 11, niitupe?" Windows 11 yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Laptopu nyingi za mitumba tunazonunua hapa Mombasa hazifikii kiwango hicho.

Jibu langu ni kuwa usiitupe. Weka Linux kando ya Windows, mashine moja iwe na mifumo miwili. Kila ukiiwasha, menyu itakuuliza wataka upi. Kwa anayeanza napendekeza Linux Mint. Ni ya bure, na RAM ya gigabaiti 4 yaitosha.

Kwanza, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Chaji betri na uache chaja imechomekwa, kwani stima ikikatika wakati diski inagawanywa, waweza kupoteza kila kitu.

Pili, ukiwa ndani ya Windows, zima Fast Startup. Kama BitLocker imewashwa, andika ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi. Bila ufunguo huo, Windows yaweza kukufungia nje.

Tatu, fungua Disk Management, chagua C, kisha Shrink Volume. Tenga kama gigabaiti 50.

Nne, pakua Mint, karibu gigabaiti 3. Bando likiwa dogo, nenda saiba. Iandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus, ukijua kwamba vyote vilivyomo kwenye flashi vitafutika.

Tano, washa laptopu huku ukibonyeza F12, F9 au Esc, kulingana na aina yake, kisha uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi na sauti kwanza. Ukiridhika, anza kuiweka na uchague "Install alongside". Ukiona "Erase disk", usiiguse. Hiyo hufuta Windows pamoja na picha za harusi na kazi za chuo.

Baadaye huenda saa ya Windows ikarudi nyuma kwa saa 3. Mashine haijaharibika. Linux huweka saa ya ndani kwa majira ya dunia, nasi Kenya tuko mbele kwa saa 3. Katika Linux, fungua Terminal uandike: timedatectl set-local-rtc 1.

Mimi hushauri kazi zigawanywe. Benki, barua pepe na intaneti zifanyie Linux, ambayo bado yapata masasisho. Windows 10 ibakie kwa ile programu ya hesabu za duka isiyokubali kwengine, na ukiwa humo, zima Wi-Fi.